Mama Mkwe Alimwaga Chumvi Kwenye Tangi la Marehemu Mke Wangu

"Mama, unafanya nini?!"

Sauti ilinitoka mpaka jirani wa chini akagonga dari lake kwa mpini wa ufagio.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama juu ya stuli sebuleni kwangu, mfuniko wa tangi la samaki kaubana kwapani, mkononi kashika pakiti ya chumvi. Chumvi ya jikoni, ya kilo moja. Anaimwaga humo tangini... shaaa... bila wasiwasi wowote!

Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana. Hakutegemea kuniona. Mashine yetu ya kukatia lenzi ilikuwa imeungua kazini, bosi akaturuhusu mapema.

Na ndani ya lile tangi, ndugu zangu, ndimo alimokuwa kiumbe pekee aliyeachwa na mke wangu.

Ngoja kwanza niwaeleze, msije mkanihukumu kabla ya wakati. Mtanihukumu tu, lakini kwa utaratibu.

Mimi ni fundi miwani. Nakata lenzi, naziingiza kwenye fremu. Chumba changu kiko nyuma ya duka, mashine inapiga kelele siku nzima, naweza kumaliza wiki sijaongea na mtu zaidi ya "pisha hapo".

Mke wangu alifariki miezi kumi na moja iliyopita. Watoto hatukujaaliwa. Aliniachia vitu viwili ndani ya nyumba: tangi la samaki na mama yake.

Mama alikuja kumuuguza. Mazishi yakaisha, watu wakaondoka mmoja mmoja, yeye akabaki. Sikumuuliza anaondoka lini. Nikajua tu hana pa kwenda, nikasema moyoni, acha akae, nitafanyaje.

Tukaishi kama wapangaji wawili wasiojuana. Anapika, ananiwekea mezani, anafunika, anaingia chumbani kwake. Nakula, naosha sahani, naingia kwangu. Kuna siku nilihesabu maneno tuliyosemezana tangu asubuhi mpaka nalala.

Yalikuwa tisa. Na manne yalikuwa ya salamu!

Halafu hicho chakula... jamani. Hakina chumvi! Maharage hayana chumvi. Mayai hayana chumvi. Mchuzi unaunywa kama maji ya kuoshea sufuria. Mwanzoni nilidhani kasahau. Baada ya miezi mitatu nikaelewa, huyu mama hanipendi. Ananilaumu kwa kifo cha mwanawe na hana njia nyingine ya kuniambia.

Nikawa nabakiza nusu sahani kila siku, aone. Mtu mzima na ndevu zangu, nanuna kwa mchuzi.

Faraja yangu ilikuwa Kitambi.

Kitambi ni bunju, yule samaki wa mviringo anayejivimbisha kama mpira akiudhiwa. Mgongo wake wa kijani una madoa meusi, tumbo jeupe pe. Mke wangu ndiye aliyempa hilo jina, akidai kafanana na mimi nikivua shati. Nikirudi jioni anakuja mbio kwenye kioo, anatikisa mwili mzima, anakodoa macho yake makubwa mpaka nimpe konokono zake.

Ndiye mtu pekee aliyekuwa ananipokea. Naam, nimesema mtu.

Lakini Kitambi alikuwa anaisha. Tumbo lilikuwa limegeuka kijivu. Mapezi yamejikunja. Anashinda amelala chini kwenye changarawe, anapumua harakaharaka. Nikajua tatizo ni uchafu. Kwa hiyo kila Jumapili natoa karibu maji yote, naweka mapya ya bomba niliyoyalaza kwenye ndoo. Maji yanang'aa kama lenzi mpya. Samaki anazidi kukonda.

Sasa leo namkuta mama na pakiti ya chumvi mkononi!

"Kumbe ni wewe unayemuua!"

"Baba, hebu nisikilize..."

"Nisikilize nini? Si nimekufuma!"

"Huyu samaki anahitaji..."

"Anahitaji nini, kufa? Mwanao umemzika, sasa unataka umzike na huyu?"

Nilipolisema hilo neno nilitamani kulirudisha. Lilikuwa limeshafika.

Mama alishuka kwenye stuli taratibu, mkono ukutani. Akaweka pakiti juu ya meza. Akavua miwani yake, akaifuta kwa upande wa kanga, akaivaa tena.

"Sawa, baba."

Basi. Hakujitetea. Nusu saa baadaye alitoka chumbani na begi. Mlangoni akasimama, akasema bila kugeuka:

"Chakula kipo mezani."

Akaenda kwa binti yake mdogo, shemeji yangu, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mimi sikumfuata hata ngazi moja. Nilikuwa na kazi! Nilichota maji ya chumvi yote, ndoo baada ya ndoo, nikajaza mapya. Nikajiona shujaa.

Asubuhi Kitambi alikuwa amelala ubavu.

Nilimwita. Jicho moja likanigeukia, mwili haukutikisika.

Nyie, nilivaa viatu bila soksi. Nikamchota na maji yake kwenye ndoo, nikachukua kopo la chakula chake lililobandikwa anwani ya duka, nikatoka mbio nimekumbatia ndoo kifuani. Watu njiani wananipisha, sijui walidhani nimebeba nini.

Duka lenyewe liko chini ya ngazi za jengo la ofisi. Matangi ukutani, pampu zinanguruma, unanukia unyevu. Mwenye duka wateja wanamwita Mapezi, mzee mwembamba mwenye aproni ya plastiki. Aliinama kwenye ndoo yangu.

"Unamweka kwenye maji gani?"

"Ya bomba. Masafi kabisa! Nabadilisha kila Jumapili."

"Nani kakwambia bunju huyu ni wa maji baridi, haya yasiyo na chumvi?"

"Kwani samaki wa tangi si wote wa maji baridi?"

Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza kama paka hutaga.

"Kaka, huyu kwao ni pale mto unapoingia baharini. Maji ya pale si matamu, si ya chumvi kamili, yako katikati. Akiwa mdogo anavumilia ya mto. Akikua anataka chumvi. Ukimnyima hafi leo wala kesho. Anaisha polepole, wewe unabaki kubadilisha maji na kushangaa."

Nikainama na mimi kwenye ndoo.

"Lakini huyu ana kingine," akaendelea, anamgeuza Kitambi kwa kijiko cha wavu. "Unaona hii ngozi? Imeunguzwa na chumvi ya ghafla. Halafu akarudishwa maji matupu. Halafu chumvi tena. Nyumbani kwako kuna nini? Maana ni kama kuna watu wawili wanamvuta, mmoja huku, mmoja kule."

Alhamisi mama... Jumapili mimi.

Nilikaa juu ya kreti bila kukaribishwa.

Mapezi akamhamishia Kitambi kwenye beseni, akafungua kimpira chembamba, maji ya chumvi yakaanza kuingia tone kwa tone. Alifanya vile bila haraka, kama nesi anayeweka dripu.

"Bunju kama huyu nilimuuzia dada mmoja hivi," akasema. "Anacheka mpaka anashika meza. Kila baada ya miezi miwili anakuja kuchukua ndoo yake ya chumvi ya bahari, ile ya bluu, anasema Alhamisi mchana ndiyo siku yake ya tangi. Siku nyingi simwoni. Chumvi yake itakuwa imeshaisha."

"Ni mke wangu."

"Ahaa! Mwambie..."

"Amefariki."

Alisimama na kile kimpira mkononi. Tulibaki tunatazama matone yakidondoka.

Na hapo ndipo nilipoikumbuka ndoo ya bluu.

Wiki moja baada ya mazishi niliikuta kwenye kabati la bafuni, ina unga mweupe. Nikajua sabuni. Nikaloweka mashati yangu matano, nasugua, nasugua, povu hakuna! Nikalaani wanaouza sabuni feki, nikaitupa ndoo nzima.

Nikakumbuka na kingine. Wiki ileile watu wakiwa bado wamejaa sebuleni, kuna mtoto aligusa kioo cha tangi nikapandisha sauti: "Hilo tangi asiguse mtu yeyote! Nitalitunza mwenyewe!" Mama alikuwa amekaa palepale.

Miaka sita lile tangi lilikuwa sebuleni kwangu. Mke wangu alikuwa analiwekea chumvi Alhamisi mchana mimi nikiwa kazini, na mimi sikuwahi kumuuliza hata siku moja: hivi huwa unafanyaje hapa?

"Aliyekuwa anatia chumvi kakosea wapi?" nikauliza, sauti ndogo.

"Ametia chumvi ya jikoni. Siyo yenyewe, inatakiwa ya bahari yenye madini yake. Na haimwagwi tangini. Inakorogwa kwenye ndoo siku moja kabla, inapimwa, ndiyo inaingizwa kidogokidogo." Akanitazama. "Lakini yule alikuwa karibu na ukweli kuliko wewe."

Kitambi akabaki dukani. Mapezi alisema hamrudishi kwangu mpaka nitengeneze makazi ya maana, na hakuna njia ya mkato.

Nikaanza moja. Nililimwaga tangi lote, nikalisugua. Nikatandika mchanga uliochanganywa na makombe yaliyosagwa, maana hayo yanasaidia maji ya chumvi yasichachuke. Nikapanga mawe yenye mapango ya kujificha. Nikafunga chujio kubwa zaidi, kwa sababu bunju anakula kama mtu wa harusini na uchafu wake ni huohuo. Nikanunua ndoo mpya ya bluu na kipima chumvi, kisanduku cha plastiki chenye mshale. Unakijaza maji, mshale unapanda. Mapezi alinitaka mshale ukae kwenye theluthi ya chumvi ya bahari, si zaidi, si pungufu.

Halafu kusubiri. Wiki tano tangi linazunguka maji tu, ili vile vijidudu vinavyokula uchafu vizaliane kwenye chujio kwanza.

Wiki tano! Tangi tupu, nyumba tupu.

Nilimpigia shemeji siku ya pili.

"Shem, mama anasema hana kinyongo. Ila simu hataki kushika."

"Mwambie nimekosa."

"Njoo umwambie mwenyewe."

Sikwenda. Nikasema kesho, nikasema wikiendi. Ukweli nilikuwa naona aibu, ningemtazama vipi yule mama?

Na upweke wenyewe, acheni tu. Nilidhani naujua. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nasikia kandambili za mtu zikiburuzika koridoni, nasikia kikohozi nyuma ya ukuta, narudi nakuta sahani imefunikwa. Sasa narudi nakuta meza kama nilivyoiacha. Nilianza kufungua redio kabla hata ya kuvua viatu, nisije nikasikia jinsi nyumba ilivyonyamaza.

Nikajipikia. Na nikajitilia chumvi, nyie! Nikasema leo ndiyo leo, nitakula chakula chenye ladha. Siku ya kwanza nilisikia raha. Wiki ya pili kichwa kikaanza kugonga.

Nilikuwa na miadi yangu ya presha ya kila mwezi. Nesi akanifunga kile kitambaa, akapima, akapima tena.

"Umebadilisha nini nyumbani?"

"Sijabadilisha kitu."

"Hapana. Mwaka mzima hapa imekaa vizuri mpaka daktari akakupunguzia kidonge. Leo iko juu sana. Nani anakupikia?"

"Mwenyewe."

Akaandika kitu. Mimi nikachukua vidonge nikaondoka. Kichwa kigumu, naambiwa nisielewe.

Wiki ya tano ilipoisha nikaenda kumchukua Kitambi. Ndugu zangu, alikuwa mwingine! Tumbo jeupe, mgongo umekoza, anazunguka kwenye tangi la Mapezi kama mwenye nyumba.

Nikasema sitaki aishi peke yake tena.

"Nipe na wenzake," nikamwambia Mapezi. "Wale je?" Nikanyoosha kidole kwa samaki bapa wa rangi ya fedha, wanatembea kundi.

"Hao wanakua kama sahani na wanataka tangi la ukubwa wa kitanda."

"Na yule?"

"Anatema maji kudungua wadudu juu ya majani. Ukifunga mfuniko umemnyima kazi."

"Hawa wadogo wenye michirizi ya nyuki? Nao si wa chumvi kidogo?"

"Wa chumvi kidogo, ndiyo. Lakini Kitambi atawameza wote kabla hujalipa."

"Na huyu aliyepanda juu ya gogo?"

"Huyo anatembea matopeni, anataka nchi kavu nusu ya tangi. Kaka, acha. Ukimwekea bunju mwenzake yeyote atamng'ata mapezi mpaka yaishe. Huyu hataki mwenzake majini. Anataka watu nje ya kioo, awaangalie."

Nikamrudisha nyumbani peke yake. Maji sawa, joto sawa, mshale umekaa palepale.

Hakula.

Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Konokono wanatambaa mbele yake, hana habari. Nikirudi jioni haji kwenye kioo. Anashinda kona ya kulia tu, ametulia, anatazama nje.

Nikampigia Mapezi nikiwa nimepiga magoti mbele ya tangi.

"Nani alikuwa anashinda naye?" akauliza.

"Mimi, jioni."

"Siulizi jioni. Mchana kutwa nani alikuwa anakaa hapo? Hawa wanajua sura."

Nilifuata yale macho makubwa yanatazama wapi. Yalikuwa yanatazama kiti cha dirishani. Mto wake ulikuwa bado umebonyea upande mmoja, upande aliozoea kuegemea mama.

Jumamosi ile mchana nikaenda.

Mama mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Na kitu cha kwanza nilichokiona, naapa, ni miwani yake. Lenzi ya kushoto ina ufa kutoka juu mpaka chini. Mkono mmoja umefungwa kwa uzi mweusi. Ule uzi ulikuwa umechakaa, yaani ni wa muda mrefu! Mimi nawakatia lenzi watu wa mji mzima. Miezi kumi na moja huyu mama ananihudumia mezani, na sikuwahi kumtazama usoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Samaki mzima?"

"Mzima. Ila hali."

"Na wewe?"

"Mzima."

"Presha?"

Nikashtuka.

"Imepanda. Mama... umejuaje?"

Alinionyesha kiti, na yeye akakaa mbele yangu.

"Ile siku ya mwisho hospitalini, ulipotoka kufuata dawa, mwenzio alinishika mkono. Pumzi hakuwa nayo. Akaniambia, 'Mama, samaki wangu muongezee chumvi. Mume wangu mpunguzie. Wote wawili hawatasema.'"



"Chumvi gani, hakuniambia," akaendelea. "Na mimi maandishi ya pakiti siyaoni vizuri siku hizi. Nikatia niliyoikuta jikoni, kila Alhamisi ukiwa kazini."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Si ulisema asiguse mtu? Na mchuzi ukawa unaubakiza. Nikaona umechukia. Nikasema basi, achukie akiwa mzima."

"Na mimi nilijua umebaki kwangu kwa sababu huna pa kwenda..."

Mama alicheka. Na kicheko chake, jamani, alishika meza.

"Baba, mimi nina nyumba yangu. Vyumba vitatu. Nimeifunga na kufuli mwaka mzima huu."

Nililia. Nililia mbele ya mama mkwe na mbele ya shemeji aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, wala sikujali. Tangu mazishi sikuwa nimelia. Nilikuwa natoa maji kwenye tangi tu, kila Jumapili.

Mama alirudi na begi lake lilelile. Kitambi alipomwona anaingia alijirusha kwenye kioo mpaka maji yakaruka. Akala konokono watano palepale, mimi akanipita kama pazia.

Jumatatu mama alipimwa macho dukani kwetu, nikamkatia lenzi mwenyewe. Sasa Alhamisi ni siku yetu wote. Mimi nakoroga ndoo, yeye anasoma mshale.

"Bado kidogo," ananiambia. "Sasa hapo. Acha!"

Atarudi kwake mwezi ujao, kwa sababu nyumba imefungwa vya kutosha. Nimeshakubali. Nimemwomba tu anifundishe kupika kabla hajaondoka, nami nitakwenda kumtembelea Jumapili, maana Jumapili sina tena kazi ya kumwaga maji.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu chumba cha pili umemnunia, na una uhakika kabisa anakuchukia, weka simu chini uende ukamuulize. Usikae mwaka mzima unasoma moyo wake kwenye sahani ya maharage, kama mimi. Mlivyo hai ni rahisi, ni hatua kumi tu za koridoni. Mke wangu nina maswali yake mia na hakuna mlango wa kugonga.

Jioni hii mama kapika. Mchuzi hauna chumvi hata chembe.

Nimekula sahani mbili.